Jinsi ya kuchagua mazabodi ya kuovakloki prosesa ya bei nafuu

Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya watu wasiotaka kutoboka mifuko, iliyopangiwa kukimbia megahezi 300. Mafundi wa majumbani wakagundua kwamba ukiipa mpigo wa basi, yaani njia ya data kati ya prosesa na bodi, wa megahezi 100 badala ya 66, inakimbia megahezi 450 bila kulalamika, na kwa kazi nyingi inakaa bega kwa bega na Pentium II ya megahezi 450. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila mara sifa huenda kwa Celeron. Wachache huitaja iliyoibeba: mazabodi kama Abit BH6, yenye chipseti (chipu inayoratibu kazi za bodi) ya 440BX, iliyomruhusu mtu kubadili mpigo na volteji akiwa ndani ya BIOS, programu ya mipangilio ya bodi, bila kufungua kasha na kuhamishahamisha vijampa, vile vifungio vidogo vya pini. Celeron ileile kwenye bodi iliyofungwa ilibaki na megahezi zake 300 mpaka ikatupwa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye prosesa ya bei nafuu, au anayepanga kuinunua, na anataka kuiovakloki, yaani kuikimbiza zaidi ya kasi ya kiwandani. Swali lake la kwanza huwa "bodi ipi nzuri?" Mimi ningependa aanze na jingine: bodi ipi haitaimeza akiba niliyoipata kwenye prosesa? Maana ndiko faida inakopotelea. Mtu anabana kwenye prosesa, kisha anatoa yote aliyobana, na zaidi, kwenye bodi yenye taa za rangi saba.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya vitu vitatu kwa pamoja

Chukua karatasi. Upande mmoja andika bei ya prosesa unayoitaka, ya mazabodi inayoruhusu kuovakloki, na ya kipoza kitakachomudu joto la ziada. Upande wa pili andika bei ya prosesa ya ngazi moja juu, mazabodi ya kawaida, na kipoza kinachokuja ndani ya boksi la prosesa. Upande wa kwanza ukilingana na wa pili, au ukiuzidi, acha kabisa wazo la kuovakloki na ununue prosesa ya juu.

Mfano wa hesabu iliyowaponyoka watu ni Core i3-7350K ya mwaka 2017. Ilikuwa i3 ya kwanza ambayo kizidishi chake, yaani namba inayozidisha mpigo wa msingi kuipa prosesa kasi yake, kilifunguliwa; ina kore mbili na nyuzi nne (mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja), na watu waliisubiri kwa hamu. Lakini ilidai bodi ya daraja la Z, ile ya Intel inayoruhusu kuovakloki, na haikuja na kipoza. Ukijumlisha vyote, ulikuwa umeshafika kwenye Core i5 ya kizazi hichohicho yenye kore nne halisi, ambayo ingeridhika na bodi ya kawaida. Gigahezi 5 za kore mbili ni nzuri kuzitangaza kwa marafiki, ila kazi inayogawanywa kwa kore nne haiangalii majigambo.

Pentium G3258 ya mwaka 2014 inafundisha upande mwingine wa jambo hilohilo. Ilitoka kiwandani na gigahezi 3.2, na watu wengi waliifikisha 4.2 na kuendelea kwa bodi na kipoza cha kawaida. Kwa bei yake ilikuwa raha tupu. Kisha ikaja michezo iliyodai nyuzi nne, na baadhi yake ikakataa hata kufunguka kwenye prosesa yenye mbili. Kasi haizai kore.

Kuovakloki kunalipa zaidi pale ambapo prosesa tayari unayo, au ni ya kizazi kilichoachwa na nafasi kubwa juu ya kasi ya kiwandani. Ryzen 5 1600 ya AMD, kwa mfano, ina msingi wa gigahezi 3.2 na kilele cha 3.6, kuzikimbiza kore zote sita kwa 3.8 lilikuwa jambo la kawaida. Ryzen za karibuni zinajipandisha zenyewe mpaka karibu na ukomo, kwa hiyo utakachopata ni kidogo, na mara nyingi kinatokana na kupunguza volteji kuliko kuongeza kasi. Jua hili kabla hujachagua bodi, kwa sababu linaamua ni bodi nzito kiasi gani unayohitaji.

Hatua ya 2: Hakikisha prosesa na chipseti zote mbili zinaruhusu

Ruhusa ni mbili, na moja ikikosekana nyingine haina maana.

Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina la prosesa, iwe K tupu, KF au KS. Bila K, kizidishi kimefungwa. Na hata ukiwa na K, unahitaji chipseti ya daraja la Z: Z690 au Z790 kwa soketi ya LGA1700, Z890 kwa LGA1851. Chipseti za B, kama B660 na B760, zinakuruhusu kupandisha RAM lakini kizidishi cha prosesa hakiguswi. H610 haikupi hata hilo la RAM. Na kuna mtego mdogo ndani ya B: ukiweka prosesa isiyo na K ya kizazi cha 12, kama Core i3-12100F au i5-12400F, volteji ya SA inayolisha kidhibiti cha RAM imefungwa, hivyo RAM hupanda kiasi halafu ikagoma. Usilipie RAM ya kasi kubwa kwa mpango huo.

Kwa AMD mambo ni mepesi. Karibu Ryzen zote zina kizidishi kilichofunguliwa, hata za bei ya chini, na hata Athlon 3000G ya mwaka 2019 ilifunguliwa. Zipo chache zilizofungwa, kama Ryzen 7 5800X3D, lakini hiyo si prosesa ya bei nafuu. Kinachobaki ni chipseti. Kwenye soketi ya AM4 chagua B350, B450, B550 au ndugu zao wa herufi X. Kwenye AM5 chagua B650, B850 au ndugu zao wa herufi X. A320, A520 na A620 haziruhusu kuovakloki prosesa, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaokuokoa ukishanunua.

Ndiyo maana, ukiniuliza mtu mwenye bajeti ndogo aelekee wapi, nitamwambia AMD na herufi B, bila kuzunguka. Upande wa Intel prosesa zenye K zimepanda ngazi. Hazishuki tena mpaka kwenye i3. Unapolipia K na Z kwa pamoja, neno "nafuu" limeshaondoka mlangoni.

Utasikia pia habari za kupandisha prosesa iliyofungwa kwa kuongeza mpigo wa msingi, ule wa megahezi 100 ambao kizidishi huuzidisha. Inawezekana kwenye bodi chache zenye kifaa chake cha kuzalisha mpigo. Lakini mwishoni mwa 2015 watengenezaji wa bodi, ASRock wakiwemo, walitoa BIOS zilizofungua njia hiyo kwa prosesa za Skylake zisizo na K, na mapema 2016 BIOS mpya zikaifunga. Kilichotolewa na BIOS hurudishwa na BIOS. Usinunue bodi kwa ajili ya mwanya.

Halafu angalia kama bodi inaitambua prosesa yako. B550 haikuwekewa msaada wa Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000, wala 3200G na 3400G, ijapokuwa soketi ni ileile na prosesa inaingia vizuri tu. B450 inazipokea Ryzen 5000, ila sharti iwe na BIOS mpya ya kutosha. Fungua ukurasa wa bodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome safu inayotaja toleo la BIOS. Ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya 3: Isome VRM

Hapa ndipo bodi nzuri na mbaya zinapoachana, kwa hiyo tukae kidogo.

Pawa saplai inaipa bodi volti 12. Prosesa inataka volti 1 na kitu, lakini kwa ampea nyingi. Kazi ya kushusha volteji hiyo inafanywa na VRM, yaani ule mkusanyiko wa koili, mosfeti (swichi za umeme) na kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) unaoizunguka soketi. Ukiovakloki, VRM ndiyo inayotoka jasho.

Fanya hesabu ndogo. Nguvu inayoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa mraba wa volteji. Tuseme umetoka gigahezi 3.6 kwa volti 1.20 ukaenda gigahezi 4.2 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka mara 1.17. Volteji imeongezeka mara 1.125, na mraba wake ni karibu 1.27. Zidisha: nguvu imepanda kwa karibu asilimia 48, ilhali kasi imepanda kwa asilimia 17 tu. Prosesa iliyokuwa inakula wati 70 sasa inadai zaidi ya 100.

Sasa, tukitumia namba nyepesi, wati 100 kwa volti 1.25 ni ampea 80. Ampea hizo hugawanywa kwenye fezi za VRM, yaani njia zinazofanana zinazogawana mzigo. Bodi yenye fezi 4 inabebesha kila fezi ampea 20. Yenye fezi 8 inabebesha 10. Joto linalotokana na upinzani wa mosfeti hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo fezi 4 zinatoa 4 mara 400, yaani 1600 kwa kipimo chochote utakacho, na fezi 8 za mosfeti zilezile zinatoa 8 mara 100, yaani 800. Kwa upande huo joto limekatika nusu, na tena limesambaa kwenye eneo kubwa zaidi. Ndiyo sababu idadi ya fezi ina maana.

Ina maana, lakini watangazaji wa bodi wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Boksi litaandika "fezi 10" huku ndani ukikuta 4 za kore pamoja na 2 za sehemu nyingine za prosesa, na baadhi ya fezi zimehesabiwa mara mbili kwa sababu kila moja ina koili mbili zilizoungwa pamoja. Koili mbili pamoja si ubaya, zinagawana mzigo. Ubaya ni kuziuza kama fezi mbili zinazojitegemea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na maandishi makubwa kwenye boksi ni namna mojawapo ya kujitembeza.

Jinsi ya kujihakikishia mwenyewe: tafuta picha ya bodi iliyo wazi, iliyopigwa kutoka juu. Koili ni vile visanduku vya mraba vya kijivu au vyeusi kando ya soketi, mara nyingi vimeandikwa R na tarakimu mbili. Zihesabu. Mara nyingi safu iliyo upande wa kushoto wa soketi ni ya kore, na zile mbili au tatu zilizokaa juu ni za SoC (sehemu za prosesa zisizo kore) au grafiksi ya ndani. Kisha tafuta uchambuzi ambao mtu ameondoa hitisinki (bamba la metali la kupozea) na kusoma namba za mosfeti. Ukiona zinatajwa mosfeti ambamo swichi mbili na kiendeshi chake vimefungwa kwenye kifuniko kimoja, maarufu kama DrMOS, hiyo ni dalili njema; hupoteza umeme kidogo kuliko mosfeti za kuunganishwa moja moja. Ampea zinazoandikwa, kama 50 au 60 kwa kila fezi, zitumie kulinganisha bodi na bodi tu. Zimepimwa kwenye mazingira ya raha ambayo ndani ya kasha lako hayapo.

Kwa prosesa ya kore nne au sita ya AM4, fezi 4 zenye mosfeti nzuri na hitisinki ya kweli zinatosha. Ryzen za daraja la wati 65 kwenye AM4 zimewekewa ukomo wa kiwandani usiozidi wati 88 kwenye soketi, na za daraja la wati 105 zina ukomo wa 142. Bodi iliyojengwa kubeba hizo za 142 bila kuungua itaibeba Ryzen 5 5600 iliyopandishwa huku ikipiga mluzi. Hakuna haja ya fezi 16. Mwenye prosesa ya kore sita anayenunua bodi ya fezi 16 amenunua lori la kubebea mkoba.

Hitisinki nayo iangalie kwa jicho la mashaka. Bamba zito la alumini lenye mapezi, lililokazwa kwa skrubu, linafanya kazi. Kifuniko laini cha plastiki chenye nembo ya kupendeza kinafunika tu. Na bodi isiyo na hitisinki kabisa juu ya mosfeti, hata kama chipseti yake inaruhusu kuovakloki, mimi naihesabu kuwa haijaruhusu.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Fezi nne, mosfeti uchi, prosesa ya kore sita juu yake. Mchezo ulikuwa unakwenda vizuri kwa dakika ishirini, halafu unaanza kukwama kwama kama gari lililoishiwa mafuta. Joto la prosesa lilikuwa nyuzi 68, kwa hiyo sikuishuku. Nikalaumu kadi ya grafiksi, nikafuta na kuweka draiva upya usiku tatu mfululizo. Siku ya nne nikaelekeza feni ya mezani ndani ya kasha kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa na joto, na kukwama kukakoma palepale. Mosfeti zilikuwa zimepita nyuzi 100 na bodi ilikuwa inaishusha prosesa chini ya gigahezi 1 ili ijinusuru.

Kutokana na hilo kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: kipoza cha maji kinaweza kuichemsha VRM. Kipoza cha kawaida cha boksi kinapuliza upepo kuelekea chini, na upepo huo ukigonga bodi unapita juu ya mosfeti. Ukiweka cha maji, upepo huo umeondoka. Prosesa inapoa, VRM inabaki kwenye hewa iliyotulia. Ukipanga kutumia maji kwenye bodi ya bei ya chini, panga pia feni ya kasha inayoelekea pembe ile ya soketi.

Kapasita ziwe zile kavu za polima, kopo dogo la metali lisilo na alama ya mkato juu yake. Kwenye bodi mpya za miaka hii karibu zote ni hizo, kwa hiyo sitalisemea sana. Na tundu la umeme wa prosesa, lile la volti 12 pembeni juu, liwe la pini 8. La pini 4 lina nyaya mbili tu za volti 12, la pini 8 lina nne. Kwa kuovakloki chukua nne.

Hatua ya 4: Soma kitabu cha bodi kabla ya kuinunua

Watengenezaji wote wanaojulikana huweka kitabu cha maelekezo kwenye tovuti zao, na mtu yeyote anaweza kukipakua. Baadhi huchapisha maelezo ya BIOS kama faili la pekee. Kisome kabla ya kulipa. Bodi mbili za chipseti moja zinaweza kutofautiana sana ndani ya BIOS.

Tafuta kwanza mpangilio wa volteji ya prosesa. Unataka namna mbili: kuweka thamani isiyobadilika, na kuweka nyongeza au punguzo juu ya ile ya kiwandani. Baadhi ya bodi za chini zinatoa moja tu, na zipo zisizotoa yoyote japokuwa zinakuruhusu kubadili kizidishi. Kizidishi bila volteji ni usukani bila mafuta.

Pili, tafuta Load Line Calibration, kwa kifupi LLC. Prosesa inapobebeshwa kazi nzito, volteji yake hushuka kidogo; LLC huamua ishuke kiasi gani. Bila LLC, prosesa iliyopandishwa huzimika katikati ya kazi na wewe unazidi kuongeza volteji bila sababu. Ikiwa kali mno, volteji hurukia juu kila mzigo unapoondoka ghafla, na miruko hiyo prosesa haiipendi. Bodi yenye ngazi tano au nane za LLC inakupa nafasi ya kukaa katikati, na katikati ndiyo mahali pazuri pa kuanzia.

Tatu, kwa Ryzen 5000 na zilizofuata, hakikisha PBO na Curve Optimizer zipo. PBO inakuwezesha kulegeza mipaka ya wati na ampea, na kuongeza kilele kwa hadi megahezi 200. Curve Optimizer inapunguza volteji kwa kila kore peke yake, na prosesa ikipata nafasi ya joto inajipandisha yenyewe. Kwa mtu wa Ryzen 5 5600 au 7600, hivi viwili vitakupa zaidi, kwa umeme kidogo zaidi, kuliko kuzifunga kore zote kwenye kasi moja kwa mtindo wa zamani.

Nne, na hili ndilo linalookoa usingizi: njia za kurudi. Utakosea. Kompyuta itakataa kuwaka, skrini itabaki nyeusi, na hapo ndipo utakapojua bodi uliyonunua. Vitu vya kutafuta ni hivi:

- Kitufe cha kufuta mipangilio ya BIOS, au walau jampa yake mahali panapofikika bila kung'oa kadi ya grafiksi.
- Taa nne ndogo zinazoonyesha bodi imekwama wapi: prosesa, RAM, grafiksi au diski.
- Uwezo wa kuflashi BIOS, yaani kuiandika upya, kutoka kwenye fleshi ya USB bila prosesa wala RAM. Huu unakusaidia pia ukinunua bodi ambayo BIOS yake ni ya zamani kuliko prosesa yako.

Ningekubali fezi mbili pungufu kwa ajili ya hicho cha mwisho.

Kwenye AM4 angalia na ukubwa wa chipu ya BIOS. Bodi nyingi za kwanza za B450 zilikuwa na megabaiti 16, na orodha ya prosesa ilipozidi kurefuka, baadhi zililazimika kuacha prosesa za zamani au kurahisisha muonekano wa BIOS ili vyote vienee. MSI ilitoa mwaka 2019 mfululizo wenye neno MAX kwenye jina, ukiwa na megabaiti 32, na B450 Tomahawk MAX ikawa kipenzi cha wenye bajeti ndogo. Fezi zake ni 4 za kore na 2 za SoC, hitisinki yake ni nzito, na inaflashi bila prosesa. Ukiiona iliyotumika ikiwa na hali nzuri, ina karibu mambo yote niliyoyasema mpaka hapa.

Hatua ya 5: RAM

Kwa Ryzen 3000 na 5000, lengo ni DDR4-3600. Hapo mpigo wa RAM, megahezi 1800 (nusu ya 3600, maana kila mpigo hubeba data mara mbili), unakwenda sawa na mpigo wa njia inayounganisha sehemu za prosesa. Ukizidi sana, njia hiyo inashindwa kufuata, kidhibiti cha RAM kinashuka hadi nusu ya mpigo wa RAM, na unapoteza ulichotafuta. Kwa Ryzen 7000 lengo ni DDR5-6000. Bodi ikimudu kasi hizo, basi; matangazo ya RAM ya kasi ya ajabu yaache kwa wengine.

Weka vipande viwili, si vinne. Kwenye bodi yenye matundu manne, anza na la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Angalia pia orodha ya RAM zilizojaribiwa na mtengenezaji wa bodi. RAM isiyokuwemo si lazima igome, ila iliyomo imeshafanyiwa kazi na mtu mwingine. Na kwa AM5 usibaki na BIOS ya zamani: mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa kuungua, volteji ya SoC ilifungiwa isizidi volti 1.3 kwa matoleo mapya.

Kwa mwenye prosesa mpya ya bei nafuu, saa moja ya kuirekebisha RAM mara nyingi inaleta tofauti kubwa kwenye michezo kuliko saa tano za kusukuma kizidishi. Watu hawapendi kuambiwa hivyo.

Hatua ya 6: Ukinunua iliyotumika

Bodi za vizazi vilivyopita ndizo zinazoifanya hesabu ya Hatua ya 1 ikubali, kwa hiyo usiziogope. Omba picha ya soketi iliyopigwa karibu na kwa mwanga wa kutosha. Kwenye Intel na AM5 pini ziko kwenye bodi, na pini moja iliyopinda inaweza kuua njia nzima ya RAM. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, kwa hiyo bodi yenyewe ina hatari ndogo. Angalia kama kapasita zimevimba, na kama ubao umebadilika rangi kuwa kahawia karibu na mosfeti. Rangi hiyo ni kumbukumbu ya joto. Jaribu kila tundu la RAM. Betri ya CR2032 ibadilishe bila kufikiria. Na muulize muuzaji kama bamba la nyuma la matundu lipo, maana kulitafuta peke yake ni adha.

Ukubwa wa bodi usikusumbue. Ndogo ya milimita 244 kwa 244 inaovakloki sawa na ya ATX ikiwa VRM ni ileile, na kwa kawaida ni ya bei ya chini zaidi.

Hatua ya 7: Ijaribu wakati bado unaweza kuirudisha

Siku ya kwanza usiovakloki. Washa kila kitu kwa mipangilio ya kiwandani, fungua HWiNFO, programu inayosoma joto na kasi, na uendeshe Cinebench, inayoibebesha prosesa kazi nzito, mfululizo kwa dakika kumi ukiangalia vitu vitatu: joto la prosesa, joto la VRM kama bodi ina kipimo chake, na kasi ya kore. VRM ikifika nyuzi 90 kabla hujaongeza chochote, rudisha bodi hiyo kesho yake asubuhi.

Ikipita mtihani huo, panda kwa megahezi 50 au 100 kwa wakati, ukirudia jaribio kila ngazi. Ikizimika, ongeza volteji kidogo; ikidai kingi kwa hatua ndogo, umefika ukomo, shuka ngazi moja. Kwa Ryzen 3000 na 5000 zenye kore zote kwenye kasi moja, mimi sizidishi volti 1.30 chini ya mzigo. Malizia kwa saa moja ya OCCT au Prime95, ambazo ni kali kuliko Cinebench, na MemTest86 usiku kucha kwa ajili ya RAM. Ndani ya HWiNFO kuna sehemu ya makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows huyarekodi. Idadi hapo ibaki sifuri. Kompyuta inaweza kuwaka, kucheza na kufanya kazi wiki nzima huku makosa yakijilimbikiza kimyakimya, na siku ya kuyagundua ni siku faili lako limeharibika.

Ukipata mpangilio uliotulia, piga kwa simu picha ya kila ukurasa wa BIOS ulioubadilisha. Profaili zilizohifadhiwa ndani ya bodi hufutika unapoflashi BIOS mpya, na nyingine hukataa kufunguka kwenye toleo jipya hata ukiwa umezinakili kwenye fleshi.